Ubunifu wa Mashine za Kujenga Vizuizi vya Mchanga kwa Mabua ya Mazao: Mfano wa Miraba ya Mabua katika Majangwa ya China

IKISIRI

Makala hii inafafanua misingi ya ubunifu wa mashine zinazojenga vizuizi vya mchanga kwa kutumia mabua ya mazao. Mfano unaorejelewa ni miraba ya mabua iliyoanza kutumika katika miaka ya 1950 huko Shapotou, kaskazini mwa China, ili kuilinda reli ya Baotou–Lanzhou. Makala inaeleza jinsi mraba unavyoupunguza nguvu upepo, inachambua hatua za kazi ya mkono ambazo mashine inapaswa kuzirithi, kisha inajadili sehemu nne za ubunifu: uchomekaji wa safu za urefu, uchomekaji wa safu za kukingama, ulishaji wa mabua, na mwendo wa mashine juu ya mchanga. Hoja kuu ni kwamba ubora wa mashine ya aina hii upimwe kwanza kwa kina na usawa wa mabua yaliyochomekwa, na idadi ya hekta zinazokamilika kwa siku ifuate baada ya hapo. Mraba una miaka michache tu ya kuishi kabla haujaoza, na ndani ya miaka hiyo ardhi inapaswa kuwa imeanza kujishikilia yenyewe.

1.0 UTANGULIZI

Reli inayounganisha miji ya Baotou na Lanzhou ilifunguliwa mwaka 1958. Huko Shapotou, katika eneo la Zhongwei mkoani Ningxia, reli hiyo hupita kwenye ukingo wa kusini-mashariki wa Jangwa la Tengger, mahali ambapo vilima vya mchanga unaohama hukaribia kingo za Mto Huang He. Mvua ya mwaka mzima haifikii milimita 200, na maji ya ardhini yako chini mno kiasi kwamba mizizi ya mimea mingi haiyafikii. Katika mazingira kama hayo, miche iliyopandwa juu ya mchanga mtupu hufukuliwa na upepo au hufukiwa kabla haijashika mizizi. Ilibidi kwanza mchanga wenyewe utulizwe.

Njia iliyopatikana ilikuwa ya gharama ndogo. Mabua ya ngano yalichomekwa mchangani katika mistari inayokatana, yakafanya miraba yenye upande wa mita moja, mfano wa ubao wa drafti uliotandazwa juu ya vilima. Ndani ya miraba hiyo vikapandwa vichaka vinavyostahimili ukame, kama vile Caragana korshinskii na Artemisia ordosica. Kadiri miaka ilivyopita, vumbi laini lilinaswa kati ya mabua na gamba jembamba la sainobakteria, mwani na mimea midogo likajitandaza juu ya mchanga. Reli hiyo imeendelea kutumika hadi leo.

Tangu wakati huo miraba ya aina hiyo imeenea katika majangwa mengine ya China. Barabara kuu inayokatisha Jangwa la Taklimakan, iliyokamilika mwaka 1995, ililindwa kwa miraba ya matete. Mwezi Novemba 2024 ilitangazwa kwamba ukanda wa kijani unaolizunguka jangwa hilo, wenye urefu wa kilomita 3,046, umekamilika. Hata hivyo, sehemu kubwa ya kazi ya kuchomeka mabua imefanywa kwa mikono, na mraba uliooza hudai kujengwa upya. Swali la mashine, kwa hiyo, linahusu uwezekano wa kuendelea kuyalinda maeneo hayo wakati ambapo nguvukazi ya vijijini inapungua na eneo la kutunzwa linaongezeka.

2.0 UPEPO, MCHANGA NA MRABA

Mbunifu asiyeelewa kazi ya mraba hawezi kujua ni kipimo gani cha mashine kinachostahili kulindwa na ni kipi kinachoweza kulegezwa. Mchanga husafirishwa na upepo kwa namna tatu. Chembe kubwa hujiviringisha juu ya ardhi. Chembe za wastani huruka na kuanguka, na kila moja inapoanguka huzirusha nyingine. Chembe ndogo sana huelea na kuchukuliwa mbali. Sehemu kubwa ya mchanga wa jangwani husafiri kwa kuruka, na nyingi ya chembe hizo hazivuki sentimita 30 kutoka ardhini. Ndiyo maana kizuizi cha kimo kidogo kinaweza kufanya kazi kubwa.

Ralph Bagnold, katika kitabu chake cha mwaka 1941 kuhusu fizikia ya mchanga unaopeperushwa, alionyesha kwamba kiasi cha mchanga kinachosafirishwa hukua takriban kwa kipeo cha tatu cha kasi ya upepo. Kwa kanuni hiyo, kasi ya upepo karibu na ardhi ikipungua kwa nusu, mchanga unaosafirishwa hushuka hadi karibu sehemu moja ya nane. Mabua yanayosimama sentimita 15 hadi 20 juu ya mchanga huikwaruza hewa inayopita chini, huipunguza kasi, na kuusukuma upepo mkali juu ya vichwa vyake.

Upande wa mita moja nao haukuchaguliwa kwa bahati. Ndani ya mraba, upepo uliobaki huzunguka na kuchimba katikati, huku ukirundika mchanga kandokando. Baada ya muda hutokea bakuli lenye kina cha takriban sehemu moja ya kumi ya upana wa mraba, kisha uchimbaji hukoma. Miraba ikiwa mipana mno, bakuli huwa na kina kikubwa na mabua ya kandoni hufichuliwa mizizi yake ya bandia, yaani ile sehemu iliyozikwa. Ikiwa midogo mno, mabua mengi hupotea bila faida inayolingana nayo.

Kutokana na maelezo hayo, vipimo vitatu vinapaswa kuiongoza mashine: kimo cha mabua juu ya mchanga, kina chake chini ya mchanga, na umbali kati ya safu. Kati ya hivyo, kina ndicho kisichoonekana kwa macho baada ya kazi kukamilika, na kwa hiyo ndicho rahisi zaidi kupuuzwa.

3.0 KAZI YA MKONO KAMA MSINGI WA UBUNIFU

Mfanyakazi wa mkono huanza kwa kuchora mistari juu ya mchanga. Hutandaza mabua yakiwa yamekingama juu ya mstari, kisha huweka ncha ya chepe katikati ya mabua na kuikandamiza kwa mguu. Mabua hujikunja na kuzama, huku ncha zake mbili zikisimama juu. Mwishowe husukuma mchanga kwa mguu au kwa chepe kuelekea kwenye shina la safu, pande zote mbili, ili mabua yasimame imara.

Hatua hizo nne, yaani kuchora, kutandaza, kukandamiza na kushindilia, ndizo zinazopaswa kutafsiriwa katika chuma. Jambo moja katika kazi hiyo hupita bila kusemwa: mfanyakazi huhisi mguuni mwake kama mchanga ni mkavu na mlegevu au una unyevu kidogo chini, naye huongeza au hupunguza nguvu papo hapo. Mashine isiyo na namna ya kufanya hivyo huchomeka kwa nguvu ileile kila mahali, na matokeo yake ni kina kisicho sawa kutoka mteremko mmoja hadi mwingine.

Ukubwa wa kazi unaweza kukadiriwa kwa hesabu rahisi. Hekta moja ina mita za mraba 10,000. Kwa miraba ya mita moja, huhitajika mita 10,000 za safu kwa upande mmoja na mita 10,000 kwa upande wa pili, yaani kilomita 20 za safu. Endapo kila mita itatumia gramu 250 za mabua, hekta moja itahitaji tani 5. Kilomita 20 za kuinama na kukandamiza kwa kila hekta ndiyo sababu ya kutafuta mashine. Tani 5 za mabua kwa kila hekta ndicho kikwazo ambacho mashine nyingi hukutana nacho baadaye.

4.0 MABUA KAMA MALIGHAFI

Ubunifu wa mashine hii huanzia shambani, kabla ya kufika jangwani. Bua linalokunjwa katikati, likazama sentimita 15 na kusimama sentimita 15 kila upande, linapaswa kuwa na urefu wa angalau sentimita 60. Urefu huo uko karibu na ukomo wa bua la ngano baada ya suke kuondolewa. Mashine za kisasa za kuvuna hukata, hupura na kuvunjavunja mabua kwa pamoja, na yale yanayotoka nyuma yake mara nyingi ni mafupi na yamepasuka. Mabua ya namna hiyo yakipelekwa jangwani, hakuna ubunifu wa kuchomeka utakaoyafanya yasimame.

Aina ya zao nayo hubadilisha mahitaji. Bua la ngano ni tupu ndani na hukunjika bila kukatika likiwa na unyevu kidogo. Likikauka mno huvunjika chini ya chuma. Bua la mpunga ni laini zaidi, hukunjika kwa urahisi lakini husimama kwa ulegevu. Bua la mahindi ni nene na lina kiini. Halikunjiki, hivyo hudai kupasuliwa kwanza au kuchomekwa wima likiwa limekatwa vipande. Tete ni gumu na hudumu, ila hukwama kwenye mifumo iliyotengenezwa kwa ajili ya mabua membamba. Mashine inayodaiwa kufaa kwa mabua yote hupaswa kuonyesha jinsi inavyobadilishwa kutoka zao moja hadi jingine.

Kuna pia suala la ushindani. Mabua ni chakula cha mifugo na hutumika pia kama kuni. Kila bua linalovunjika ndani ya mashine bila kusimama mchangani limemnyima mfugaji malisho na halikuilinda reli. Kiwango cha mabua yanayoharibika, kwa hiyo, ni kipimo cha kiuchumi na kijamii, mbali na kuwa kipimo cha kiufundi.

5.0 MIFUMO YA MASHINE

5.1 Safu za urefu

Safu zinazofuata mwelekeo wa mwendo wa mashine ndizo rahisi kuzijenga. Mabua hutandazwa mbele kwa kukingama, kisha sahani ya chuma inayozunguka hupita katikati yake na kuyasukuma chini. Sahani hiyo hufanana na ile ya jembe la trekta, lakini ukingo wake lazima uwe butu na wa mviringo, kwa maana ukingo mkali hulikata bua badala ya kulikunja. Nyuma ya sahani hufuata magurudumu mawili yaliyoinamishwa, ambayo husukuma mchanga kutoka pande zote mbili na kuushindilia kwenye shina la safu.

Ugumu wa hatua hii unatokana na tabia ya mchanga mkavu. Mfereji unaofunguliwa na sahani hujifunga mara tu sahani inapoondoka, na mchanga unaorudi unaweza kulisukuma bua juu. Ndiyo maana umbali kati ya sahani na magurudumu ya kushindilia unapaswa kuwa mfupi kadiri inavyowezekana, na sahani ishikiliwe kwa springi au kwa haidroliki ili ifuate mabonde madogo ya ardhi bila kupoteza kina.

5.2 Safu za kukingama

Ugumu mkubwa zaidi umo katika safu zinazokingama na mwendo. Njia ya kwanza ni kuipitisha mashine mara ya pili kwa kukata njia yake ya awali. Njia hiyo haihitaji mfumo mpya, lakini minyororo ya trekta hukanyaga safu zilizokwisha kusimama. Njia ya pili ni kuipa mashine bapa refu linaloshuka kila baada ya mita moja na kuchomeka safu nzima ya kukingama kwa pigo moja.

Njia ya pili ina tatizo la muda. Mashine inayokwenda kilomita 1 kwa saa hupita mita moja kwa sekunde 3.6. Bapa likikaa mchangani kwa nusu sekunde tu wakati mashine inaendelea kusonga, litaburutwa takriban sentimita 14, nalo litafukua safu ambayo limekusudiwa kuijenga. Suluhisho ni mawili. Mashine inaweza kusimama kila mita, jambo linaloongeza muda na kumchosha dereva. Au bapa liwekwe kwenye fremu inayoteleza kuelekea nyuma kwa kasi ileile ya mashine, ili kwa nusu sekunde hiyo lisimame tuli kuhusiana na ardhi. Suluhisho la pili hudai sehemu nyingi zaidi zinazosogea, na kila sehemu inayosogea jangwani hukutana na mchanga unaosaga bearingi na mihimili.

Uamuzi mwingine unafungamana na huo. Safu zinazokabiliana na upepo mkuu ndizo zinazobeba mzigo mzito. Iwapo mashine itaendeshwa kwa kufuata mwelekeo wa upepo, safu hizo muhimu zitajengwa na bapa la kukingama, yaani mfumo ulio dhaifu zaidi. Ikiendeshwa kwa kukingama na upepo, safu muhimu zitajengwa na sahani, ambazo kina chake ni cha kutegemeka zaidi. Lakini vilima vingi hukaa kwa kukingama na upepo, na kuendesha mashine katika mwelekeo huo ni kuiendesha ubavuni mwa mteremko, ambako huinama na kuteleza. Mbunifu hana budi kuchagua kati ya uimara wa safu na usalama wa mwendo, au kuongeza mfumo wa kuisawazisha mashine inapoinama.

5.3 Ulishaji wa mabua

Mashine yenye upana wa mita 3, ikienda kilomita 1 kwa saa bila kusimama, hukamilisha mita za mraba 3,000 kwa saa. Kwa kiwango cha tani 5 kwa hekta, hutumia tani 1.5 za mabua kwa saa. Kama mabua yamefungwa katika marobota ya kilo 20, hayo ni marobota 75, yaani zaidi ya robota moja kwa dakika, na kila moja lazima lifunguliwe, lichanuliwe na kupangwa mabua yakielekea upande mmoja.

Hesabu hii inaonyesha kwamba kasi ya mashine huamuliwa na ulishaji kuliko injini. Mashine inayobeba nusu tani ya mabua humaliza akiba yake kwa dakika 20. Ikibeba zaidi, huzama. Ikibeba kidogo, husimama mara kwa mara kusubiri kujazwa. Huko Zhongwei, njia mojawapo iliyojitokeza ni kuyasokota mabua kuwa kamba yenye umbo la brashi kabla ya kuyapeleka kwenye vilima. Kamba hiyo hutandazwa na kukandamizwa mchangani kama wavu. Kwa njia hiyo, kazi ngumu ya kupanga mabua huhamishiwa kwenye karakana, ambako ardhi ni tambarare na mchanga hauingii kwenye gia.

5.4 Mwendo juu ya mchanga

Mashine yenye uzito wa tani 6, ikibebwa na minyororo miwili ambayo kila mmoja hugusa ardhi kwa urefu wa mita 2 na upana wa nusu mita, huikandamiza ardhi kwa takriban kilopaskali 30. Trekta ya magurudumu yenye uzito huohuo huusambaza uzito wake katika eneo dogo zaidi, hivyo huzama na kuchimba. Minyororo kwa hiyo hufaa zaidi, ingawa huchakaa upesi mchangani na hugeuka kwa kufukua ardhi.

Hata hivyo, ipo miteremko isiyofikika. Upande wa kilima usiokabili upepo, ambako mchanga humwagika wenyewe, huwa na mwinuko wa nyuzi zinazozidi 30. Mashine ikiingia hapo huuporomosha mchanga pamoja nayo. Sehemu hizo zitaendelea kuhitaji mikono ya watu, na mpango wowote wa kazi unapaswa kuzitenga tangu mwanzo badala ya kuzichukulia kama mabaki ya kazi ya mashine.

6.0 VIGEZO VYA TATHMINI

Tathmini ya mashine za kilimo huzoea kuuliza swali la hekta kwa saa. Kwa mashine ya vizuizi vya mchanga swali hilo halitoshi, kwa sababu zao la mashine hii si eneo lililofunikwa bali muda ambao eneo hilo litasimama. Miraba ya mabua ya ngano hudumu kwa kawaida miaka 3 hadi 5. Muda huo ndio ambao vichaka vinapaswa kushika mizizi na gamba la juu ya mchanga kuanza kujijenga. Mraba unaong'oka katika msimu wa kwanza wa upepo hauwezi kufidiwa na kasi ya kuujenga.

Vigezo vinne vinapendekezwa. Cha kwanza ni kina cha mabua, kikipimwa kwa kufukua sampuli katika sehemu mbalimbali za mteremko. Wastani pekee haufai: safu yenye wastani mzuri inaweza kuwa na vipande vyenye kina cha sentimita 8, na upepo huanzia hapo, hufungua mraba mmoja, kisha hula majirani zake. Kina cha chini kabisa kiripotiwe pamoja na wastani. Cha pili ni nguvu inayohitajika kulivuta bua kutoka mchangani, ambayo huonyesha ubora wa ushindiliaji. Cha tatu ni asilimia ya mabua yaliyovunjika au kupotea. Cha nne ni hali ya makutano ya safu, kwa kuwa hapo ndipo bapa na sahani hupishana na ndipo nafasi wazi hutokea mara nyingi. Baada ya vigezo hivyo kutimizwa, ndipo ulinganisho wa hekta kwa saa huwa na maana.

7.0 HITIMISHO

Makala imeonyesha kwamba ugumu wa kuitafsiri kazi ya chepe kuwa kazi ya mashine umejikita mahali patatu: kwenye bua, ambalo lazima livunwe likiwa refu na zima, kwenye safu ya kukingama, ambayo hudai bapa lisimame tuli huku mashine ikisonga, na kwenye ulishaji, ambao huamua kasi halisi ya kazi. Imeonyesha pia kwamba mwelekeo wa kuendesha mashine ni uamuzi wa kiubunifu, kwa kuwa huamua ni mfumo upi utakaozijenga safu zinazokabiliana na upepo.

Inapendekezwa kwamba ubunifu wa mashine hizi uwahusishe wavunaji wa ngano na mpunga tangu hatua ya kupanga urefu wa bua, na kwamba majaribio yasiishie siku ya kuchomeka. Mashine ipewe alama zake baada ya msimu mmoja kamili wa upepo, pale inapoweza kuhesabiwa ni miraba mingapi ingali imefungwa pande zote nne. Mabua yataoza kwa vyovyote vile. Kazi ya mashine ni kuhakikisha kwamba hadi yanapooza, kuna mzizi na gamba la ardhi vilivyo tayari kuuchukua ulinzi huo.